Kishada cha Manyoya Kwenye Ncha ya Mkuki

Mkuki wa morani wa Kimaasai una sehemu tatu: bapa refu la chuma lenye makali pande zote mbili, mpini mfupi wa mti wa kushikia, na mkia wa chuma unaochomekwa ardhini. Zamani ulikuwa pia na kitu cha nne, ambacho leo huonekana zaidi katika picha za kale na katika majumba ya makumbusho: kishada cha manyoya ya mbuni kilichovishwa kwenye ncha. Kishada hicho kilikuwa tangazo. Aliyemwona morani akija kutoka mbali, akaona ncha imefunikwa, alijua kwamba safari hiyo ni ya amani. Sime nayo ilitembea ndani ya ala ya ngozi iliyopakwa rangi nyekundu. Watu walioishi na silaha kila siku ya maisha yao walikuwa wameelewa jambo moja: anayebeba chuma anadaiwa maelezo, na deni hilo hulipwa kabla mtu hajafungua kinywa.

Deni hilo linawahusu leo watu ambao hawana nia ya kumchoma yeyote. Kaunti ya Kajiado ina wanafunzi wanaosafiri na mikuki ya mbao na ngao kwenda tamasha za muziki na drama. Ina vikundi vya ngoma vinavyoalikwa harusini, vijana wa kanisa wanaoigiza askari wa Kirumi siku ya Pasaka, na chipukizi wanaorekodi filamu fupi kwa simu. Mji wake wa Kitengela una pia vijana wanaovaa maleba ya wahusika wa katuni na filamu, wakachonga panga za sponji na bunduki za kadibodi na paipu za plastiki, kisha wakapanda matatu kwenda tamasha la NAICCON jijini Nairobi. Wote hawa hufikiri sana jinsi silaha zao zitakavyoonekana jukwaani, lakini ni wachache wanaojiuliza zitaonekanaje njiani. Hatari ya silaha ya maigizo haipimwi kwa ukali wa bapa lake. Inakaa katika macho ya mtu asiyejua kuwa kuna igizo, na mwenye uwezo wa kuiondoa mapema ni yule aliyeibeba.

Kenya ina sababu ya kuogopa haraka. Mnamo tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jumba la Westgate na kuua watu 67. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2019 ikawa zamu ya hoteli ya DusitD2, ambako watu 21 walipoteza maisha. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mshtuko huo wenyewe unaweza kuua. Tarehe 30 Novemba 2015, miezi michache baada ya Garissa, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la kupima utayari wake wa kukabili shambulio. Milio ya risasi ilisikika, lakini wengi waliokuwamo hawakujua kuwa ni zoezi. Waliruka kutoka madirishani na ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki na watu wengine kadhaa wakajeruhiwa. Hapakuwa na gaidi hata mmoja. Kilichoua ni habari iliyokosekana.

Habari hiyo hiyo ilikosekana mbali na hapa, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, tarehe 22 Novemba 2014. Mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa akicheza bustanini na bastola ya kuchezea. Aliyepiga simu polisi alisema kwamba huenda bastola hiyo ni bandia na kwamba mwenyewe huenda ni mtoto, lakini maneno hayo hayakufikishwa kwa maafisa waliotumwa. Mmoja wao alimpiga risasi sekunde mbili hivi baada ya gari lao kusimama. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 sheria ya Marekani inataka bunduki za kuchezea ziwe na ncha ya rangi ya machungwa inayong'aa. Ile ya Tamir ilikuwa imepoteza ncha hiyo. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 2006, ilibana uuzaji wa bunduki bandia zinazofanana mno na za kweli. Ncha hiyo ya rangi ya machungwa inafanya kazi ile ile ya kishada cha manyoya ya mbuni: kumwambia aliye mbali kile asichoweza kukijua kwa kuangalia umbo peke yake.

Sheria za Kenya zinatazama jambo hili kwa jicho hilo hilo la anayeona. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inamfanya kuwa na kosa mtu anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna inayowatia watu hofu. Sheria ya bunduki, Sura ya 114, inaitambua bunduki bandia kuwa kitu chochote chenye sura ya bunduki, kiwe kinaweza kufyatua risasi au la. Anayekitumia kutenda uhalifu hawezi kujitetea kwamba kilikuwa cha plastiki. Hii haina maana kwamba mwigizaji aliyebeba kadibodi ni mhalifu. Maana yake ni kwamba sura ina uzito mbele ya sheria, na wahalifu wameuongeza uzito huo, kwa kuwa bastola bandia hutajwa mara kwa mara miongoni mwa vitu ambavyo polisi huwanasa navyo majambazi. Kuhusu sare za kijeshi, Kanuni ya Adhabu inawakataza raia kuzivaa bila idhini, ila inawaachia waigizaji nafasi wakati wa mchezo wa kuigiza. Nafasi hiyo ni ya jukwaani. Haimlindi mtu aliyeketi kituo cha matatu saa mbili kabla ya pazia kufunguliwa, akiwa na sare ya mabaka na bunduki ya mbao mapajani.

Hapa litazuka pingamizi ambalo mkazi wa Kajiado ana haki kulitoa. Wazee wa Kimaasai hutembea barabarani na rungu, fimbo na hata sime kiunoni, na hakuna anayekimbia; kwa nini kijana mwenye upanga wa sponji aufiche? Jibu lipo katika neno sababu. Fimbo ya mfugaji aendaye mnadani inajieleza yenyewe, kwa kuwa mavazi, mwendo na mahali vinasema jambo moja na kila mtu amekwisha kulizoea. Taifa lenyewe limeikubali lugha hiyo, ndiyo maana bendera yetu ina ngao na mikuki miwili, na Rais Daniel arap Moi alishika rungu kwa miaka yake yote 24 ya utawala bila mtu kudhani anataka ugomvi. Upanga wa mhusika wa katuni ya Kijapani haujapata mazoea hayo katika stendi ya Kitengela. Hata mzee wa rungu hufika mlango wa benki akaombwa aliache kwa bawabu, na analiacha.

Tena Kitengela ya leo si mahali ambapo kila mtu anasoma alama moja. Sensa ya mwaka 2019 iliukuta mji huo na zaidi ya watu 150,000, na kaunti nzima na watu 1,117,840, wakiwamo wahamiaji wengi kutoka pande zote za nchi. Mcheza kwao hutunzwa, lakini barabara ya Namanga ni kwao na watu wengi ambao hawajawahi kuonana. Kishada cha manyoya kilitosha pale ambapo kila aliyekiona alikijua. Mahali pa wageni panahitaji alama isiyohitaji mkalimani, na alama iliyo wazi kuliko zote ni silaha iliyofungwa ndani ya mfuko.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba mzigo unabebeshwa asiyestahili, kwa kuwa polisi ndio wanaopaswa kuangalia kabla ya kufyatua, na umma ndio unaopaswa kuuliza kabla ya kupiga kelele za mwizi. Ni kweli, na kisa cha Cleveland ni aibu ya polisi, si ya mtoto. Lakini tahadhari ya mmoja haifuti wajibu wa mwingine. Askari ana sekunde chache, na umati una uvumi; mwigizaji ana wiki nzima ya maandalizi. Ndiye pekee anayejua kwa hakika kwamba bunduki ile ni kadibodi. Na wanaosema kwamba kuificha silaha kunaua sanaa wakumbuke kuwa sanaa ina jukwaa lake. Tangu mwaka 2012, michezo ya Olimpiki ya Wamaasai imekuwa ikifanyika Kimana, katika kaunti hii hii, na morani hushindana kwa kurusha rungu na mkuki badala ya kumwinda simba. Silaha hizo zinaweza kuumiza, lakini uwanja unajulikana, watazamaji wanajua wamekuja kuona nini, na kila mrusho una mwelekeo mmoja.

Basi lipo la kufanya, na gharama yake ni ndogo. Silaha isafiri ndani ya begi au gunia, itolewe mahali pa onyesho na irudishwe humo kabla ya kuondoka. Ikiwa ni ndefu, itengenezwe ya kufunguka vipande, kama mikuki ya watalii iuzwayo Namanga inavyofunguka vipande vitatu. Bunduki bandia ipakwe rangi ya kung'aa mdomoni, na isielekezwe kwa mtu hata kwa mzaha. Sare ya maigizo ivaliwe ukumbini. Mlangoni pa duka kubwa, bawabu aambiwe kilichomo kabla hajakigusa. Wanaotaka kuandamana na maleba barabarani wakumbuke kwamba Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi ajulishwe kati ya siku 3 na 14 kabla, na wanaorekodi tukio la ujambazi mtaani wawajulishe polisi na majirani kabla ya kamera kuwashwa. Mwalimu anayesafiri na kikundi abebe barua ya shule. Na bapa la chuma lisipewe mtoto ikiwa la mbao linatosha, kwa kuwa mtazamaji wa safu ya nyuma hawezi kuona tofauti.

Kabla ya kutoka nyumbani na upanga wako wa sponji, jiulize kama mama muuza mboga wa stendi, asiyejua lolote kuhusu tamasha lako, ataelewa unachobeba. Ukisita hata kidogo, ufunike.