Tiba ya Miraa Haimo Chupani

Mazoea yana taabu, walinena wahenga. Ukweli wa kauli hiyo haumpiti yeyote aliyewahi kukaa mjini Garissa nyakati za alasiri. Gari la miraa kutoka milima ya Nyambene kule Meru linapokaribia, vijana waliojikunyata kivulini tangu asubuhi huinuka na kuchangamka. Jani hawajalitia kinywani, lakini nyuso zimekwisha kukunjuka.

Jambo hilo lina maelezo ya kisayansi, na yafaa walimu wayafahamu. Ubongoni mna njia ya seli za neva ambayo kazi yake ni kutufunza lipi la kurudiwa: chakula, sifa, mchezo, mapenzi. Seli hizo hupashana habari kwa kemikali iitwayo dopamini. Mtaalamu Arvid Carlsson wa Sweden ndiye aliyeonyesha umuhimu wake ubongoni katika miaka ya 1950, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Baadaye Wolfram Schultz, alipowapima kima katika maabara, aliona kwamba mnyama akishazoea kutuzwa, seli hizo hazisubiri tena tuzo yenyewe. Huamshwa na ishara ya kwamba tuzo inakuja. Kwa mraibu wa Garissa, mlio wa gari ndio ishara.

Ndani ya miraa mna kathinoni, kemikali iliyotambuliwa na maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975. Ni jamaa ya amfetamini, na hulazimisha dopamini kumwagwa kwa wingi usio wa kawaida. Nguvu yake hupungua jani linaponyauka. Ndiyo maana mabunda hufungwa kwa majani ya migomba na magari yakaendeshwa kama yanayofukuzwa. Ubongo uliozoea gharika hautosheki na rasharasha. Hesabu, kandanda na mazungumzo ya nyumbani, vyote hupoteza ladha.

Hata hivyo, haki isemwe. Miraa ni zao halali nchini Kenya, na si kila atafunaye huwa mraibu. Mwaka 2006 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani haikupendekeza idhibitiwe kimataifa. Mjini Garissa kwenyewe wapo akina mama wanaosomesha watoto kwa biashara hiyo. Tena, serikali ya kikoloni ilijaribu kuipiga marufuku kaskazini mwa nchi katika miaka ya 1940, isifue dafu. Hoja yetu ni ya mwanafunzi ambaye ameshikwa, na anataka kuacha.

Je, ipo dawa? Mraibu wa heroini anayo methadoni, iliyoanza kutolewa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 2014. Mraibu wa miraa hana dawa kama hiyo. Mwaka 2021, watafiti wa Marekani waliwapa watumiaji wa methamfetamini, jamaa nyingine ya amfetamini, dawa mbili pamoja: naltreksoni, na bupropioni ambayo hugusa dopamini. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 13.6, dhidi ya 2.5 ya wale ambao hawakupewa dawa hizo. Ni hatua, lakini ni hatua fupi.

Kilichoonyesha manufaa zaidi kwa vileo vya namna hii ni jambo ambalo kila mwalimu hodari analijua: tuzo ndogo, ya papo hapo, inayotolewa kila mara mtu anapofaulu kujizuia. Njia ile ile iliyofundishwa kungojea gari hufundishika kungojea jambo jingine.

Basi tumfukuzapo shuleni mwanafunzi aliyepatikana na miraa, twamtibu au twamwangamiza? Twamwongezea saa za kukaa kibarazani. Bora saa yake ya hatari, yaani alasiri, ijazwe mpira, mijadala na kazi za mikono, na kila siku anayoishinda itambuliwe siku hiyo hiyo, isingojee mwisho wa muhula. Na akiteleza, tusimkatie tamaa. Mwenye kovu usidhani kapoa: ubongo husahau polepole yale uliyojifunza kwa nguvu, na mafunzo mapya hutaka subira. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa mfamasia. Ni kazi ya ualimu, na walimu wa Garissa wamekwisha kuwa nayo mikononi.