Fangasi Katika Shamba la Mbegu Mchanganyiko

Blasti ya mpunga, ugonjwa wa fangasi, huanza na doa dogo lililochongoka ncha zote mbili, la kijivu katikati na la kahawia pembezoni. Ikishika shingo ya suke, suke zima hugeuka jeupe na kubaki mapepe. Katika mkoa wa Yunnan, China, wakulima wa mpunga wa kunata, unaopendwa kwa vyakula vitamu na kuuzwa kwa bei nzuri, walikuwa wakipiga dawa mara kwa mara kuuzuia ugonjwa huo. Mwaka 1998 wakajaribu njia nyingine: mstari mmoja wa mpunga wa kunata kila baada ya mistari kadhaa ya mpunga chotara, ambao ni sugu zaidi. Mwaka 1999 jaribio lilifikia hekta 3,342. Kwenye mpunga wa kunata, blasti ilipungua kwa asilimia 94 kuliko ulipopandwa peke yake, na mavuno yake yakapanda kwa asilimia 89. Hatimaye dawa ya fangasi ikaachwa.

Fangasi hakuuawa, alicheleweshwa. Tuseme kila doa linazaa madoa 10. Baada ya vizazi vitatu, doa moja limekuwa 1,000. Sasa nusu ya vijimbegu vya fangasi vinavyopeperushwa na upepo vikitua kwenye mmea sugu, kila doa litazaa matano tu, na baada ya vizazi vitatu tutakuwa na 125. Hasara ya nusu kwa kizazi imekuwa pungufu mara nane. Isitoshe, mpunga wa kunata ni mrefu: ukisimama juu ya wenzake hupata jua na upepo, umande ukakauka mapema, na blasti haistawi kwenye jani kavu.

Mbegu ya aina moja pia hulea ukoo mmoja wa fangasi, ule unaoijua kinga yake. Kwenye mashamba yaliyochanganywa ya Yunnan, koo zilikuwa nyingi na hakuna uliotawala.

Njia hii ina mipaka. Fangasi wa udongoni, wasiosafiri kwa upepo, hawababaishwi sana na jirani sugu. Mbegu zisizokomaa pamoja huleta taabu ya kuvuna, na mnunuzi anayetaka nafaka ya rangi moja atakataa mzigo.

Kwa maharage, wakulima wa Rwanda na wa Kivu, mashariki mwa Kongo, wamekuwa wakichanganya mbegu tangu zamani. Utafiti uliofanyika Kongo, enzi za Zaire, ulionyesha kuwa kuongeza aina sugu ndani ya mchanganyiko wa mkulima mwenyewe hupunguza ugonjwa wa madoa-pembe ya majani. Kwa hiyo, mkulima anayeletewa mbegu bora asikimbilie kutupa za zamani. Atenge kipande, azichanganye, kisha alinganishe majani na magunia.