Bwana, Mfanya Kazi, na Neno Lao

Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alimwagiza mfanya kazi atimize kwa uaminifu kazi waliyopatana. Naye tajiri alimwonya kwamba kumnyima mtu ujira wake ni dhambi inayolilia mbinguni.

Sisi wa Katanga twayajua hayo kwa macho. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilitaka wafanya kazi wakae na wake zao na watoto. Ikawapa nyumba, posho, shule na hospitali. Watu wakaiita baba na mama. (Baba mkali, tuseme kweli: Desemba 1941, walipogoma kwa ajili ya mshahara, askari waliwapiga risasi mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi.)

Kisha ikaja Gécamines. Ilipodhoofika, wengi walizidi kwenda kazini miezi na miezi bila mshahara, na wake zao wakalima na kuuza sokoni ili watoto wale. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 wakaanza kutolewa kazini kwa malipo ya mara moja.

Wako waliowaita wajinga. Sisi hatukubali: wao walishika neno lao. Hata miaka mingi baadaye, wenye mvi, walizidi kudai yaliyosalia.