Jua la Juba na Mtoto Azaliwaye Kabla ya Siku Zake

Mwezi uliopita koplo mmoja alifika ofisini kwetu hapa Juba, akapiga saluti, kisha akaweka mezani chupa ya vidonge vya vitamini D. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitano. Katika uzazi wake wa kwanza alijifungua mwezi wa saba, na mtoto aliishi siku mbili tu. Rafiki zake walimweleza kwamba mama aliyepungukiwa na vitamini hiyo huzaa kabla ya wakati, naye akatumia fedha za unga wa nyumbani kuvinunua. Alitaka kujua kama fedha zile zilikwenda mahali pake.

Swali hilo lastahili jibu. Mtoto huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati, au njiti kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, azaliwapo kabla ya kutimia majuma 37 ya mimba. Vitamini D huusaidia mwili kuitumia kalsiamu ya chakula katika kujenga mifupa, na mtoto aikosaye huweza kupata matege. Sehemu kubwa yake haitoki katika chakula, bali hutengenezwa na ngozi ipigwapo na jua. Juba iko karibu digrii 5 kaskazini ya ikweta. Jua twalipata mwaka mzima. Hata hivyo ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe, na mama ashindaye ndani, au ajifunikaye mwili mzima, aweza kupungukiwa hata katika nchi ya jua kali kama yetu.

Je, vidonge humzuia mtoto asizaliwe mapema? Wataalamu wengine wameona kwamba akina mama wenye vitamini D kidogo huzaa mapema zaidi. Lakini kuona mambo mawili yakifuatana si kuthibitisha kwamba moja limelizaa jingine. Huko Dhaka, Bangladesh, wajawazito wapatao 1,300 waligawanywa, baadhi wakapewa vitamini D na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 hayakuonyesha kwamba watoto wa waliopewa vitamini walikua vizuri zaidi. Shirika la Afya Duniani haliagizi kila mjamzito apewe vidonge hivyo. Ashukiwaye kupungukiwa ndiye aweza kupewa, tena yuniti 200 tu kwa siku.

Adui aliye karibu nasi ni mwingine, na sisi askari twamjua tangu kambini: malaria. Vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma, vikapunguza chakula na hewa imfikiayo mtoto, na pengine mama hana hata homa. Hatari ni kubwa zaidi katika mimba ya kwanza na ya pili. Kinga yake ni kulala ndani ya chandarua chenye dawa, na kumeza vidonge vya SP kliniki kuanzia mwezi wa nne, angalau mara tatu, kila mara ukipita mwezi mmoja. (Mama atumiaye Septrin kila siku asimeze SP, amwambie mkunga mapema.)

Na mtoto akitangulia siku zake, asifungwe blanketi na kulazwa peke yake. Awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, hata njiani kwenda hospitali. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, ambako mashine za kuwatia watoto joto hazikutosha. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za nchi tano, Tanzania ikiwamo, na kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto apate nguvu, kulipunguza vifo kwa robo. Baba naye ana kifua, magwanda huvuliwa.

Koplo hatukumwambia atupe chupa yake. Tulimuuliza kadi ya kliniki ya mkewe iko wapi. Hakujua kama ipo. Alipewa ruhusa ya siku moja, wakaenda wote wawili, na mama akameza SP kwa mara ya kwanza. Tarehe ya kurudi sajini ameiandika katika kitabu cha zamu, ili siku hiyo koplo asipangwe lindo.