Ulitupa laini, deni likabaki: safari ya kutoka CRB hadi mkopo wa pikapu

Wiki hii tuache Tuta na mbolea kidogo, tuongee pesa. Tangu mwezi uanze vijana wanne wameniuliza swali moja: "Afisa, niko CRB. Naweza kupata mkopo wa gari?"

Unaweza. Ila si mwezi huu, na pengine si mwaka huu. Wacha niwasimulie ya kijana mmoja wa hapa Mwea, ambaye amenipa ruhusa mradi nisimtaje jina.

Huyu kijana analima nyanya upande wa Kimbimbi, ekari moja, misimu miwili kwa mwaka. Wakati wa mavuno anakodi pikapu mara mbili kwa wiki kupeleka kreti zake Nairobi, Sh8,000 kila safari. Siku moja mwenye pikapu alipata kazi ya mchele iliyolipa zaidi, akazima simu. Kreti 40 za nyanya zilizoiva zikabaki kando ya barabara, jua likiwaka. Kufika saa nane mabroka walikuwa wamejua hana gari, na mnajua broka akishajua huna gari anakupa bei gani. Jioni hiyo akaapa atanunua pikapu yake.

Alienda benki akiwa na akiba ya kutosha kulipia sehemu ya gari. Karani wa mikopo aliangalia kompyuta dakika mbili, akamrudishia makaratasi. Ameorodheshwa.

Alikuja kwangu amekasirika. "Afisa, hizo pesa nilikopa kwa simu kitambo sana, ule msimu nyanya zilinyauka. Hata hiyo laini nilishaitupa!"

Hapo ndipo wengi wenu mnapojidanganya. Deni halifungwi kwenye laini, linafungwa kwenye kitambulisho chako. Ukitupa laini unachotupa ni ujumbe wa kukuonya tu. Mkopeshaji anatakiwa akujulishe kabla ya kupeleka jina lako, na mwenzetu alijulishwa, lakini ujumbe ulienda kwa laini iliyokuwa kwenye shimo la takataka. Mkopo ukikaa siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa mkopo mbaya, na taarifa zinaenda.

Pia tuelewane kuhusu CRB yenyewe. Watu wanaiongelea kama jela. Kenya ina kampuni tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu kwa kazi hiyo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Zote zinaweka historia yako, nzuri na mbaya pia. Kwa hivyo "niko CRB" haisemi kitu. Karibu kila aliyewahi kukopa benki yuko huko. Swali ni umeandikwa vipi. Metropol, kwa mfano, hutoa alama kati ya 200 na 900, na mkopeshaji anaanza kukuangalia kwa jicho baya zikishuka chini.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuomba ripoti. Una haki ya kupata moja bure kila mwaka, na kwa kanuni za 2020 hata cheti chako cha kwanza cha kuonyesha umesafishwa hakilipiwi. Tuliomba kwa kampuni zote tatu, maana mkopeshaji mmoja anaweza kupeleka taarifa huku asipeleke kule. Tukakaa nazo chini ya mwembe wa ofisi.

Tulikuta madeni mawili. La kwanza alikuwa amelilipa! Alikuwa na ujumbe wa M-Pesa kwenye simu ya mke wake, tarehe na kiasi vyote vipo. Mkopeshaji hakuwahi kurekebisha. La pili lilikuwa lake kweli: alikopa Sh14,000, sasa ripoti inasema Sh31,000.

La kwanza tuliandikia malalamiko kwa kampuni ya CRB pamoja na picha ya ujumbe ule, nakala tukampelekea mkopeshaji. Lilirekebishwa, ingawa ilibidi apige simu mpaka wakamjua kwa sauti. Msifute ujumbe wa malipo jamani. Piga picha ya skrini, jitumie barua pepe, weka.

La pili lilitaka maneno zaidi. Aliyemkopesha ni benki, na Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inasema mkopo ukishaharibika, riba haiwezi kupita kiasi cha deni kilichokuwepo siku ulipoharibika. Ukiweka hesabu hiyo, Sh14,000 haiwezi kuzaa riba ya Sh17,000. Alienda tawini na karatasi, akaongea kwa heshima. Waliafikiana Sh22,000 kwa awamu mbili. Nilimwambia asilipe hata shilingi kabla ya kupata makubaliano hayo kwa maandishi, na alipe kwa Paybill ya benki, si kwa namba ya mtu anayejiita wakala. Baada ya awamu ya pili akadai barua ya kumaliza deni, kisha akasubiri taarifa zibadilike kabla ya kuomba cheti.

Kuna jamaa mjini wanaosema watakutoa CRB kwa Sh5,000. Wanakula pesa yako. Taarifa ya kweli hakuna anayeweza kuifuta. Inabaki miaka 5 tangu ulipolipa, ila sasa inasomeka kwamba ulilipa.

Sasa, kulipa deni la zamani kunakutoa shimoni tu. Bado huna kitu cha kumwonyesha mkopeshaji. Mwenzetu alitumia miezi 14 kujijenga. Aliacha kabisa mikopo ya simu, ile ya kukopa hapa ulipe pale. Pesa ya nyanya ikawa inapita benki badala ya kulala kwenye M-Pesa na kuisha. Akaingia sacco, akaweka Sh5,000 kila mwezi bila kuruka, hata mwezi wa kupanda. Halafu akakopa Sh30,000 ya mbegu na dawa, akalipa yote kabla ya tarehe. Mkopo mdogo, lakini ndio uliomfungulia mlango, kwa sababu ulionyesha tabia ya sasa badala ya ile ya msimu wa nyanya kunyauka.

Sasa tuje kwenye gari. Hapa nilibishana naye, na bado naona nilikuwa sahihi.

Alitaka Sh700,000. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 36, anatakiwa kulipa kama Sh23,250 kila mwezi. Kwa mwaka ni Sh279,000. Tukafungua daftari lake la kukodi: wiki 8 za mavuno, safari mbili kwa wiki, misimu miwili, Sh8,000 kila safari. Jumla Sh256,000. Yaani kukodi kulikuwa nafuu kuliko kununua, na hapo hatujaweka mafuta, matairi wala bima, na ukichukua gari kwa mkopo utadaiwa bima kubwa.

Alinyamaza. Nikamuuliza miezi ile ambayo nyanya bado ni maua, gari litalipwa na nani?

Hilo ndilo jambo benki hazitakuuliza vizuri. Mwalimu analipwa kila mwezi na mkopo unalipwa kila mwezi, wanaendana. Wewe unapanda, unasubiri karibu miezi mitatu, ndipo unachuma. Mwezi mmoja ukikwama unarudi kule kule ulikotoka, na safari hii gari linachukuliwa, kwa sababu logibuku ina jina la mkopeshaji pamoja na lako.

Alirudi baada ya wiki mbili na majirani watano wa nyanya na pilipili hoho, wamekubaliana atawabebea mizigo kwa bei iliyoandikwa. Wawili wanavuna miezi ambayo yeye havuni. Hapo hesabu ikaanza kusimama. Tena nikamwambia aweke kwanza Sh70,000 kando, malipo ya miezi mitatu, kabla ya kugusa ufunguo. Hakufurahi. Ilimchukua msimu mzima.

Sacco ilimpa Sh600,000 badala ya 700,000, kwa hivyo alichukua pikapu ya zamani kidogo, baada ya fundi wake mwenyewe kuikagua. Wadhamini walihitajika watatu. Mmoja ni mimi.

Huu ni mwezi wa nne. Malipo yanakatwa tarehe 5, na kila tarehe 6 asubuhi ananitumia picha ya risiti bila kuulizwa. Mwezi uliopita ilikuja saa nne badala ya saa mbili, nikashindwa kunywa chai.