Umepata kibarua cha theluji Marekani? Soma namba ya oili kwanza

UMETUA Minnesota mwezi wa Agosti, jua linawaka, ukajiuliza baridi ambayo Wakenya wa huko huisimulia iko wapi. Ngoja Januari ifike. Asubuhi moja utafungua mlango ukute theluji imekufika magotini, na mzee jirani anataka njia ya gari lake isafishwe kabla hajaenda kazini.

Hapo ndipo vijana wengi huona pesa. Unanunua mashine ya kurusha theluji iliyotumika, unapita nyumba hadi nyumba, na kila ikianguka unalipwa. (Kama uko huko kwa visa ya mwanafunzi, uliza kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni mwako. Kazi ya nje ya chuo ina masharti, na ukiyavunja unaweza kupoteza visa.)

Sasa fikiria hivi. Umeweka akiba yote kwa hiyo mashine. Siku ya theluji nzito unavuta kamba ya kuwashia, inagoma kama imefungwa kwa simenti. Unavuta tena hadi bega linauma. Saa moja baadaye mteja ameshaita mtu mwingine.

Mara nyingi petroli iko na plagi ni nzima. Tatizo ni oili uliyoweka.

Huku nyumbani tumezoea kuambiwa kwamba oili nzito ndiyo inayolinda injini. Ndiyo maana 20W-50 imejaa kwenye maduka ya spea. Kwa joto letu, na kwa injini iliyozeeka, si ushauri mbaya. Ukienda nao kwenye baridi ya kule, umekwisha.

Hebu tusome namba hizo pamoja. Herufi W si uzito, ni ya neno winter, yaani msimu wa baridi. Namba iliyo kabla yake inakuambia oili itafanyaje injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili itateleza mapema. Namba ya mwisho ni uzito wake injini ikishapata moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi.

Kwa kipimo cha kuzungusha injini ikiwa baridi, oili ya 20W hujaribiwa kwenye nyuzi 15 chini ya sufuri. Ya 10W ni nyuzi 25 chini ya sufuri, ya 5W ni 30, na ya 0W ni 35. Na Minnesota haina mchezo: mnamo Februari 2, 1996, mji wa Tower ulirekodi nyuzi 51 chini ya sufuri.

Kama umekaa Mombasa utaelewa haraka. Mafuta ya nazi asubuhi ya Julai huwa yameganda chupani, mchana yanamiminika. Oili ya kawaida ya injini nayo ina nta inayoanza kuganda baridi ikizidi. Ile ya sinthetiki haina shida hiyo kwa kiwango hicho, ndiyo maana inapendwa kule hata kama bei iko juu.

Na si suala la kuwaka tu. Injini nyingi ndogo za mashine hizi hazina pampu ya oili. Kuna kijiko kidogo ndani kinachochota oili na kuirusha kwenye vyuma. Oili ikiwa nzito kama uji wa jana, kijiko hicho hakirushi kitu, na chuma kinasaga chuma. Hata ukifaulu kuiwasha, unaiua polepole.

Basi ununue gani? Watengenezaji wengi wa mashine za theluji hutaja 5W-30. Kwa baridi kali zaidi, baadhi huruhusu 0W-30. Ile iliyoandikwa SAE 30 pekee, bila W, iache kwa mashine ya kukata nyasi wakati wa joto. Lakini neno la mwisho ni la kitabu cha mashine yako, si la muuza duka. Kama ulinunua ya mitumba bila kitabu, tafuta namba ya modeli kwenye kibati cha mashine, kisha ukisome mtandaoni.

Kabla ya yote, hakikisha injini ni ya aina gani. Baadhi ya mashine za zamani ni two-stroke: oili yake maalumu huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Ukichanganya mambo hayo mawili, utanunua injini mpya.

Kuweka nako kuna adabu yake. Simamisha mashine mahali palipo sawa, toa kijiti cha kupimia, kipanguse, pima. Nyingi hubeba chini ya lita moja, kwa hivyo usimimine chupa nzima kwa macho. Oili ikizidi, utaona moshi. Ikipungua, injini itakwama. Pima kila siku unapotoka kazini.

Oili ya kwanza ya injini mpya hubadilishwa mapema, mara nyingi baada ya saa tano za kazi, halafu angalau mara moja kila msimu. Imwage injini ikiwa na joto, ili itoke na uchafu wote. Ukiona imegeuka rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani. Ibadilishe, na siku nyingine iache injini ipate moto wa kutosha kabla ya kuizima.

Mambo mawili hayana mjadala. Usiwashe mashine ndani ya chumba cha kuegeshea gari hata kama mlango uko wazi, kwa sababu moshi wake una gesi isiyonuka inayoua. Na theluji ikiziba mdomo wa mashine, zima injini, subiri kila kitu kisimame, kisha tumia kijiti. Usiingize mkono kamwe. Kuna watu wamepoteza vidole hivyo.

Hata kama huna mpango wa kupanda ndege, somo hili ni lako. Wewe wa boda boda, ni lini mara ya mwisho ulisoma chupa kabla fundi hajaimimina? Pikipiki nyingi huosha klachi kwa oili ileile ya injini, kwa hivyo tafuta alama ya JASO MA. Oili nyingine za magari huifanya klachi iteleze.

Chupa ina maandishi. Yasome kabla hujalipa, maana injini ikifa, fundi hatakulipia.