RAMANI YA KOMPYUTA NAYO HUKOSEA



Zamani meneja alikuja shambani na karatasi kubwa iliyokunjwa chini ya kwapa. Siku hizi anakuja na simu au kompyuta ndogo. Anaifungua, anaonyesha mstari mwekundu na kusema: mpaka ni huu, kompyuta imesema. Naye nyapara anasema: kipande chenu ni mita mraba 400, kompyuta imepima. Wengi wetu hunyamaza. Tunajiuliza, sisi tulioishia shule ya msingi tutabishana vipi na mashine?

Sisi wenyewe tulinyamaza hivyo, mpaka siku tulipokaribia kunyang'anywa mashamba ya chakula ya kambi nzima. Hapo ndipo tulipoanza kujifunza. Katika makala hii tunaeleza jinsi ramani inavyoingizwa katika kompyuta, mahali inapokosea, na maswali ambayo kila mjumbe wa tawi anapaswa kuyauliza. Jambo hili si la wakubwa peke yao. Hesabu zake nyingi ni za kujumlisha na kuzidisha tu.

KUFUNGA RAMANI

Ramani nyingi za mashamba ya chai na miwa zilianza kama karatasi. Ili ziingie katika kompyuta, hupigwa picha kwa mashine ya skana. Picha hiyo ni vidoti vidogo vya rangi vinavyoitwa pikseli. Kompyuta inajua tu kwamba kidoti fulani ni cheusi na kingine ni cha kijani. Haijui kama ule weusi ni barabara, wala haijui kama barabara hiyo iko Uganda au iko Uchina.

Lazima mtu aiambie. Mtu huyo anachagua mahali panapoonekana vizuri katika ramani, kwa mfano daraja, halafu anaiandikia kompyuta namba za daraja lile juu ya dunia, yaani latitudo na longitudo yake. Anafanya hivyo kwa mahali pengine, na pengine tena. Kisha kompyuta inaivuta, inaigeuza na kuitandaza picha yote ifuate namba hizo. Wataalamu huiita kazi hii jioreferensi. Sisi tutaiita kufunga ramani, kwa sababu ni kama kufunga mbuzi kwenye kigingi. Kigingi kikiwa mahali pake, mbuzi hula majani yako. Kigingi kikikosewa, mbuzi hula mahindi ya jirani, na kosa si la mbuzi.

Namba zenyewe zinahitaji uangalifu. Karibu na ikweta, kama hapa kwetu magharibi ya Uganda, digrii moja ni kama kilomita 111. Kwa hiyo tarakimu ya tatu baada ya nukta ni kama mita 111, na tarakimu ya tano ni kama mita 1. Karani aliyechoka akiandika 3 badala ya 4 katika ile tarakimu ya tatu, daraja limehama zaidi ya mita mia moja.

VIGINGI VINGAPI?

Kwa njia ya kawaida ya kufunga ramani, kompyuta inahitaji vigingi vitatu kwa uchache. Lakini hapa pana mtego. Ukiipa vitatu tu, itaifunga ramani bila kulalamika hata kama kimojawapo ni cha uongo, na itakuonyesha kwamba kosa ni sifuri. Ni sawa na kesi yenye shahidi mmoja: hakuna wa kumpinga. Ukiongeza kigingi cha nne, cha tano na cha sita, hapo uongo unaanza kuonekana, maana vigingi vinapingana.

Programu za ramani, kama ile iitwayo QGIS ambayo ilianza mwaka 2002 na hutolewa bure kwa kila mtu, huandika kosa la kila kigingi katika jedwali. Jedwali hilo ndilo la kuulizia. Meneja akisema ramani yake ni sahihi, mwambie kwa heshima atoe jedwali la vigingi.

Tazama pia vigingi vimewekwa wapi. Vikirundikana vyote karibu na kiwanda, ramani itakuwa sawa kiwandani na itapinda huko mbali kwenye mpaka, ambako ndiko ugomvi uliko. Vinatakiwa visambae pembe zote. Tena viwe vitu visivyohama: daraja, njia panda, kona ya jengo la zamani. Kona ya mto haifai, kwa sababu mto hula ukingo wake kila masika.

YALIYOTUPATA SISI

Mwaka 2017 kampuni moja ya chai, ambayo hatutaitaja, ilitaka kupanda chai upya katika bloku iliyo karibu na kambi. Ramani ya kompyuta ilionyesha kwamba mpaka wa kaskazini wa bloku hiyo unapita katikati ya mashamba yetu ya maharage, mihogo na viazi. Watu wakaambiwa wavune upesi waondoke kabla ya mvua.

Mzee mmoja wa kambi alisimama mkutanoni akasema, "Miti ile ya mpaka niliipanda kwa mikono hii, na meneja wa wakati ule akiwa amesimama hapo. Mpaka umehamaje?" Akajibiwa, "Mzee, kompyuta haisahau kama binadamu."

Sisi viongozi wa tawi hatukuwa na jibu. Kijana mmoja wa kupalilia, aliyesoma kidogo kutuzidi, ndiye aliyesema, "Bwana meneja, kabla ya mpaka, tuonyeshe daraja." Tukashuka wote mpaka darajani. Meneja akasimama juu ya daraja na simu yake mkononi. Katika simu, kidoti kinachoonyesha mahali mtu alipo kilikuwa katikati ya chai. Daraja lililochorwa lilikuwa kama mita 300 upande wa kaskazini, juu ya kilima, na mto ulikuwa unapanda kilima kulifuata. Tukaenda kiwandani. Kiwanda nacho kilikuwa kimehamia kaskazini, umbali ule ule. Kila kitu kilikuwa kimehama pamoja, mpaka nao vilevile.

Basi kampuni ikamwita mpima ardhi. Yeye alitazama mara moja, akabadilisha neno moja katika programu, na ramani yote ikateleza kurudi kusini. Mpaka ukaangukia kwenye miti ya mzee. Mashamba ya chakula yakabaki.

NENO MOJA LILILOHAMISHA MPAKA

Neno hilo ni datamu. Maana yake ni msingi wa vipimo, yaani mahali na umbo ambalo wapimaji wamekubaliana kuanzia kuihesabu dunia. Dunia si duara kamili, na kila kizazi cha wapimaji kiliikadiria kwa njia yake.

Ramani za zamani za karatasi za Uganda, Kenya na Tanzania, zile za kipimo cha 1 kwa 50,000, zimetengenezwa kwa datamu iitwayo Arc 1960. Jina hilo linatokana na mlolongo mrefu wa vipimo uliofuata longitudo 30, mstari unaopita karibu na milima ya Rwenzori. Lakini simu zetu hupata mahali kwa setilaiti za mfumo wa GPS wa Marekani, zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, na mfumo huo hutumia datamu nyingine iitwayo WGS 84.

Mahali pale pale pana namba moja katika Arc 1960 na namba nyingine katika WGS 84. Hapa kwetu tofauti ni kama mita 300, na sehemu yake kubwa ni ya kaskazini na kusini. Mtu akichukua namba za ramani ya zamani akaiambia kompyuta kwamba ni za GPS, kila kitu kitasogea kaskazini kwa umbali huo. Kompyuta haitakataa. Kwa hiyo mkiona ramani nzima imehama upande mmoja kwa kipimo kimoja, shukuni datamu kwanza.

Kuna na jambo la pili kuhusu ramani hizo. Katika kipimo cha 1 kwa 50,000, milimita 1 ya karatasi ni mita 50 za ardhi. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 25. Bustani ngapi zinaenea ndani ya mita 25? Kuikuza ramani hiyo katika kompyuta hakuondoi kosa, kunaukuza mstari tu. Ramani ya namna hiyo inafaa kutafutia njia. Ugomvi wa mpaka huamuliwa kwa hati ya upimaji na mawe ya mpaka yaliyopo ardhini.

KIPANDE NA MSHAHARA

Sasa tuje kwenye jambo la kila siku. Sehemu nyingine nyapara huzunguka kipande akiwa na simu, na simu humwambia ukubwa. Simu ya kawaida mahali peupe hukosea kama mita 5. Chini ya miti au kando ya ukuta hukosea zaidi. Katika bloku kubwa mita 5 si neno. Katika kipande cha mita 20 kwa 20 ni jambo kubwa sana. Ikiwa ardhi ni mita 25 kwa 25 na simu ikasoma 20 kwa 20, mfanyakazi amepalilia mita mraba 625 akalipwa 400. Mita mraba 225 amezifanya bure. Kipande kipimwe kwa kamba au utepe, na mjumbe awepo.

La pili ni mteremko, na hili wengi hawalijui. Ramani huitazama ardhi kutoka juu, kama mwewe. Chukua mkeka, uuinamishe juani saa sita mchana jua likiwa la utosi. Kivuli chake ni kidogo kuliko mkeka. Ramani hupima kivuli, lakini jembe hupita juu ya mkeka. Kwenye mteremko mkali wa digrii 30, mita mraba 400 za ramani ni kama mita mraba 462 za jembe. Mita mraba 62 hazionekani popote. Kwa siku 6 ni 372, karibu kipande kizima kila wiki bila malipo, na chai yetu iko milimani. Kwa mteremko wa digrii 20 ziada ni ndogo, kama mita mraba 6 kwa kila 100, lakini nayo ni jasho.

La tatu ni picha za setilaiti. Picha zinazotolewa bure na setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, tangu mwaka 2015, zina pikseli za mita 10. Kipande cha mita 20 kwa 20 ni pikseli 4 tu. Katika vidoti vinne hakuna mtu awezaye kusema kwa haki nani amepalilia vizuri na nani ameacha magugu. Zipo picha za kununua zinazoona vitu vidogo zaidi. Hizo ulizeni tarehe yake, maana picha ya kabla ya mvua si ushahidi wa kazi ya baada ya mvua.

MASWALI YA MJUMBE

Kila mjumbe ayaandike haya katika daftari lake:

1. Ramani hii imetoka kwenye karatasi gani, ya mwaka gani, na ya kipimo gani?
2. Imefungwa kwa vigingi vingapi, viko wapi, na jedwali la makosa liko wapi?
3. Datamu yake ni ipi?
4. Picha ilipigwa tarehe gani, na pikseli moja ni mita ngapi?
5. Kipande kimehesabiwa kwa ardhi tambarare au mteremko umeongezwa?
6. Twende pamoja darajani na kwenye njia panda tuone kama ramani inakubaliana na ardhi.

Hilo la sita halihitaji elimu yoyote. Linahitaji miguu tu, nasi tunayo.

NASI PIA TUJIHADHARI

Tuseme ukweli wote. Baada ya ushindi ule tulijiona wataalamu. Tukapima bustani nyingine kwa simu chini ya mikaratusi, tukapeleka madai kwamba kampuni imekula mita 12. Tulipopima tena kwa utepe, tukiwa na karani wa kampuni, mita 12 hazikuwapo. Simu ndiyo ilidanganywa na miti. Tuliomba radhi, na ilitugharimu heshima. Kwa hiyo tangu siku ile kila dai tunalipima mara mbili, kwa siku mbili tofauti, kabla ya kuliandikia barua.

Hatuipingi kompyuta. Ramani nzuri inaweza kumlinda mfanyakazi: inaonyesha kisima, njia ya kwenda zahanati, na nyumba za kambi ambazo mtu angependa zisahauliwe. Tunachodai katika mazungumzo na mwajiri ni kitu kimoja: ramani yoyote inayogusa mshahara, kipande au bustani zetu ionyeshwe kwa tawi, na mpaka utembelewe kwa miguu na pande zote mbili kabla ya kutumika.

Vijana wenu waliosoma wapeni kazi hii. Wazee wanaoijua ardhi wawe pamoja nao, kwa maana darajani tulihitaji wote wawili.

Umoja ni nguvu.